Mkono wa Penseli

Mimi nina hasira za karibu, na ninapenda kuonekana najua. Nayasema haya mapema ili nisije nikajipamba huko mbele. Mwaka niliokuwa mwalimu tarajali, tabia hizo mbili nusura zinikoseshe cheti, na zilimkosesha mtoto mmoja miezi minne ya shule. Mpaka leo nikikumbuka nilichokiona siku ile mkufunzi alipokuja mara ya pili, mwili unanisisimka.

Utaratibu wa chuo chetu cha Mbeya ulikuwa hivi. Likizo tunakaa bwenini tunasoma saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, namna ya kuandika andalio la somo. Muhula ukifunguliwa kila mmoja anarudi shule aliyopangiwa, anakabidhiwa darasa kama mwalimu kamili na kulipwa posho kila mwezi. Mara mbili kwa mwaka mkufunzi anatokea bila taarifa, anakaa nyuma ya darasa, anakupima. Mara ya kwanza ukianguka unaonywa. Mara ya pili ukianguka, hakuna cheti, na shule inampa nafasi yako mwingine.

Mimi sikuwa na pa kurudi. Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, kazi ya kuhesabu mbao na kuandika malori yanayoingia na kutoka, na niliiacha kwa mbwembwe. Nilimwambia meneja mbele ya watu kwamba naenda kufanya kazi ya maana. Huko kwetu, milimani juu ya Mbeya, mama yangu alianza kuniita mwalimu siku ile ile barua ya chuo ilipofika. Alinitangaza kanisani kabla sijanunua hata begi. Kwa hiyo kuanguka kwangu kusingekuwa siri yangu peke yangu.

Nilipangiwa shule moja ya Ipogolo, bondeni, pale malori yanapopunguza mwendo kwenye barabara kuu, mji wa Iringa ukiwa umekaa juu ya mlima unawatazama. Darasa la kwanza lilikuwa na mikondo miwili. Mkondo B ukawa wangu, watoto tisini na wanne. Mkondo A ulikuwa wa mama mmoja wa Kihehe aliyebakiza miaka miwili astaafu, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu mlezi.

Siku ya kwanza alinikalisha nyuma ya darasa lake nitazame. Kelele zilikuwa za mnadani. Mama yule akaingia na sweta lake la kijani, hakugonga meza, hakupaza sauti. Alisimama ubaoni akaanza kuongea kwa kunong'ona. Walio mbele wakanyamaza ili wamsikie, wakawanyamazisha wa katikati, wa katikati wakawanyamazisha wa nyuma. Kabla sijamaliza kushangaa, nilikuwa naisikia chaki ikikwaruza ubao. Nilikaa pale na daftari langu mapajani, sijaandika hata mstari mmoja.

Halafu watoto walipoanza kuandika, alipita dawati kwa dawati. Anainama, anasogeza sikio mpaka mdomoni mwa mtoto, mtoto anamsomea yeye peke yake. Kumi na watano kwa siku, hazidishi. Baada ya wiki moja na siku kidogo amewasikia wote, anaanza upya.

"Mwanangu, hawa wasikilize mdomoni," aliniambia tulipotoka. "Ukisimama mbele utasikia darasa linaitikia, basi. Yupi anasoma na yupi anafuata sauti za wenzake, huwezi kujua."

Niliitikia, "Sawa, mama." Moyoni nikasema, kwa mwendo huo nitamaliza lini silabasi?

Lakini kazi yenyewe ilinishika mapema kuliko nilivyotegemea. Februari, mtoto mmoja wa dawati la mbele, makamasi puani, alikuwa anahangaika na silabi mbili nilizoandika ubaoni. Ba. Ba. Ba, ba. Mara akanyamaza, macho yakamtoka, akanigeukia akasema, "Mwalimu, ni baba." Alisema kana kwamba baba yake mwenyewe ameingia kupitia ubaoni. Nilimwambia vizuri sana, kaa, kisha nikatoka nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia. Sikujua kwamba kitu hicho kinatokea hivyo, kwa sekunde moja, na kwamba mtu anaweza kusimama pale akakiona. Kiwandani nilihesabu mbao miaka mitatu na hakuna ubao ulionigeukia ukasema lolote.

Machi mkufunzi akaja. Mwanaume mrefu, mkimya, koti la kaunda, kalamu mbili mfukoni. Watoto walipomwona amekaa nyuma waliganda. Niliuliza swali, hakuna mkono. Nikauliza jepesi zaidi, hakuna mkono. Nikauliza jina la shule yao. Mtoto mmoja alinyoosha, akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Mkufunzi aliandika kwenye fomu: ushiriki wa wanafunzi, hafifu. Nilianguka.

Nilikasirika wiki nzima. Niliwakasirikia watoto, nikamkasirikia mkufunzi na koti lake, nikaukasirikia hata mlima wa Iringa. Mama mlezi aliniletea chai kwenye chupa akasema, "Wanakuogopa, mwanangu. Wakose kidogo, usiwakate jicho." Kweli nilikuwa nawakata jicho. Lakini mimi nilitaka dawa ya haraka.

Dawa niliipata Mbeya, likizo ya Juni. Bwenini baridi ilikuwa ya kuvaa soksi mbili, tumejikunyata vitandani na mablanketi mpaka kichwani, kila mmoja anasimulia alivyoanguka au alivyopita. Mwenzangu mmoja aliyepita kwa alama za juu akacheka. "Ninyi mnateseka bure," akasema. "Waambie watoto wote wanyooshe mikono kila ukiuliza. Anayejua, anyooshe mmoja. Asiyejua, anyooshe ule mwingine. Mkufunzi anaona msitu wa mikono. Wewe unajua wa kumwita."

Jamani, nililala usingizi mtamu siku hiyo.

Julai nikaanza. Tatizo likawa moja: kulia na kushoto. Nusu ya watoto nyumbani kwao ni Kihehe kitupu, na hata wenye Kiswahili chao, umri ule kulia na kushoto vinawachanganya. Nilijaribu siku mbili, vurugu. Siku ya tatu nikapata akili, na akili ile nilijisifia mwenyewe. Nilinyanyua penseli juu nikawaambia, "Mkono unaoshika penseli, huo ndio mkono wa kujua. Anayejua jibu anyooshe mkono wa penseli. Asiyejua anyooshe ule mwingine. Mmeelewa?" Wakaelewa. Tena walifurahi, maana asiyejua naye alikuwa na la kufanya.

Darasa lilibadilika. Nikiuliza, mikono tisini juu. Nilikuwa naisoma upesi upesi, kulia, kushoto, kulia, namwita wa kulia, anajibu, tunapiga makofi. Mama mlezi siku moja alichungulia dirishani.

"Leo kumechangamka," akasema. "Hao wote wanajua?"

"Wanajua, mama."

Aliitazama mikono ile. "Haya," akasema, akarudi kwa watoto wake.

Mwezi huo huo aliletwa mtoto mpya. Msichana mdogo wa mwili, nywele zimekatwa fupi, alikuwa anaishi Idodi kwa bibi yake na sasa amekuja kukaa na mama yake, anayechoma mahindi na kuuza mayai ya kuchemsha pale malori yanapopaki. Madawati ya mbele yalijaa, nikamweka la mwisho, chini ya dirisha linalotazama barabara. Hakuwa na maneno. Ukimsalimia anaitikia chini chini, ukimuuliza anakodoa macho. Nikasema moyoni, huyu Kiswahili hana.

Na kila nilipouliza swali, yeye alinyoosha mkono wa kushoto. Kila swali. Ndani ya wiki moja nilishampanga: asiyejua. Wa kushoto walikuwa wengi siku za mwanzo, wakapungua kadiri wiki zilivyokwenda, ila yeye hakuhama. Sikumwita hata mara moja. Ningemwita kwa nini, wakati mwenyewe ananiambia hajui?

Kuna jambo lilitaka kunifumbua macho nikalipiga teke. Agosti nilikuwa nasahihisha madaftari, nikakuta lake. Herufi safi, zimesimama wima, silabi zote sahihi. Nikamfuata dawatini. "Umeandika wewe?" Akatikisa kichwa kukubali. "Andika hapa nione." Nilimwona anaihamisha penseli kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, taratibu, akaandika kwa mkono wa kulia, na kilichotoka kilikuwa mikwaruzo ya kuku. Nikamtazama jirani yake, mtoto hodari. Nikajumlisha yangu.

"Usinidanganye mimi," nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa kali, darasa zima lilisikia. "Kuandikiwa na mwenzako si kujua."

Hakulia. Aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake. Na siku iliyofuata nilipouliza swali, alinyoosha tena mkono ule ule.

Oktoba mwishoni tulitakiwa kupeleka kwa mwalimu mkuu orodha ya watoto ambao hawajaweza kusoma, watakaokariri darasa. Niliandika majina tisa. Lake lilikuwa la tatu. Niliikunja orodha nikaiweka ndani ya andalio la somo niipeleke saa nne, wakati wa mapumziko.

Kabla ya saa nne, mkufunzi akasimama mlangoni.

Nikajikaza kisabuni. Watoto walisimama, "Shikamoo, mwalimu," akaitikia, akapita katikati ya madawati na koti lake lile lile, akakaa nyuma kabisa. Benchi lililokuwa na nafasi lilikuwa la yule msichana. Akakaa naye bega kwa bega, fomu gotini.

Niliandika ubaoni sentensi ya siku: Mama anapika ugali. Nikauliza, nani anaweza kusoma neno la kwanza? Mikono ikaruka. Nilimwita wa kulia, akasoma. Neno la pili, mikono, wa kulia, akasoma. Makofi. Nilikuwa naona kalamu ya mkufunzi inakwenda na nikajua inaandika nini, nikaanza kutembea kwa maringo mbele ya ubao. Cheti kilikuwa mkononi. Nilishaanza kufikiria namna nitakavyompigia mama simu.

"Samahani, mwalimu."

Alikuwa mkufunzi. Nikasimama.

"Huyu hapa amenyoosha mkono tangu tumeanza. Kila swali. Hujamwita." Hakusema kwa ubaya. "Mpe nafasi."

Nilitazama. Msichana wangu, mkono wa kushoto juu, umenyooka.

Nilijua kitakachofuata: atasimama, atakodoa macho, atanyamaza, na mkufunzi atajiuliza kwa nini mtoto asiyejua ananyoosha mkono. Kutoka hapo kufika kwenye ujanja wangu ni hatua moja. Nikajaribu kukwepa. "Huyo ni mgeni kidogo, mkufunzi, amehamia. Kiswahili chake bado..."

"Mpe nafasi," akarudia.

Nikamwita. Jina lake lilinitoka kwa shida, kwa sababu sikuwa nimezoea kulitamka. Alikuja mbele akiburuta ndala zake. Akaitazama sentensi, akasoma, "Mama anapika ugali." Bila kukwama, sauti ndogo lakini safi.

Nikapumua. Nikasema kimoyomoyo, amekariri, wenzake wamesoma mara tano. Nikaanzisha makofi upesi ili arudi akakae. Lakini mkufunzi alikuwa amesimama.

"Futa," akasema. "Mwandikie nyingine, ambayo haimo kwenye andalio lako."

Nikafuta. Kichwa kilikuwa kitupu, nikaandika kilichokuwa kinapita dirishani wakati huo: Lori la mbao linapanda mlima taratibu. Nilipomaliza ndipo nikaona nilichofanya. Darasa langu lilikuwa bado halijafika kwenye silabi za namna ile, mba na nda na mli. Nilikuwa nimemchimbia mtoto kaburi, na langu nimeliweka pembeni yake.

Niliona midomo yake inacheza bila sauti, macho yanatembea polepole kwenye ubao. Darasa zima lilikuwa kimya, watoto tisini na wanne na mkufunzi mmoja, na kimya hicho hakikutokana na mimi.

"Lori," akasema. "Lori la mbao. Linapanda mlima." Akasimama kwenye neno la mwisho, akalitazama kwa kuinamisha kichwa. "Taratibu."

Februari nilimwona mtoto akifungua neno moja, na nililia. Huyu alikuwa amefungua mlango wa nyumba nzima akiwa peke yake, lini, sijui, nyuma ya darasa langu, bila ruhusa yangu, na amesimama ndani ananitazama. Nilimwangalia mtoto wa miaka saba, mguu mmoja umekanyaga ndala ya mwingine, na nikamwogopa, ule woga unaokupata ukiingia kanisani hakuna mtu.

Mkufunzi alikuja mbele akampa chaki. "Andika neno lolote unalolijua wewe."

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Akaitazama chaki. Kisha akaihamishia mkono wa kushoto, akajinyoosha kwa ncha za vidole, akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima: GARI REFU. Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake: HATARI.

Ule mkono. Niliuona unaandika na nikaelewa yote kwa mpigo, nikashika meza.

Kengele ya mapumziko ililia. Mkufunzi alikaa barazani, akanifanyia nafasi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza nilimwona amelegeza uso.

"Nimepita shule nyingi mwaka huu," akasema. "Wa darasa la kwanza anayesoma sentensi asiyoijua namna ile, sijamkuta. Nieleze umemfundishaje. Nataka nikawaambie wenzako chuoni." Na kalamu ikasubiri juu ya fomu.

Sitadanganya kwamba sikutamani. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, yale ya bwenini: ushirikishwaji, kumweka mtoto katikati ya somo. Ningeyasema yangetiririka. Cheti, simu kwa mama, na heshima juu. Dirishani kwa mkondo A nilimwona mama mlezi hajatoka mapumziko, ameinama, sikio lake liko mdomoni mwa mtoto fulani.

"Sijamfundisha," nikasema.

"Unasemaje?"

Nikamweleza. Mkono wa penseli na mkono mwingine. Daftari la Agosti. Nilitoa ile orodha iliyokunjwa nikamwonyesha jina la tatu. Nilipokuwa naeleza nilikuwa nalia, na nilikuwa nimekasirika, safari hii kwa mtu anayestahili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua fomu, mahali alipoandika ushiriki wa wanafunzi, mzuri sana, akapiga mstari. Nikajua imekwisha.

"Andalio lako liko wapi?" akauliza. Nikampa. Chini kabisa ya kila andalio kuna sehemu ya tathmini, ambayo mwalimu anaijaza baada ya kipindi. Kila mwalimu ninayemfahamu anaandika humo sentensi moja isiyobadilika, kwamba somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi. Mimi nilikuwa nimeijaza ya siku ile tangu jana yake. Aliisoma, akanitazama, akaikata kwa mstari mwingine. "Jaza upya," akasema.

Ilinichukua mapumziko yote. Niliandika: Mwalimu hajui ni wanafunzi wangapi wameelewa, kwa sababu hakuwasikiliza. Mmoja alijua tangu Julai na alinyoosha mkono kila siku. Mwalimu hakumwona.

Mkufunzi aliisoma mara mbili. Aliweka sahihi yake chini, akatoa kalamu ya pili, akajumlisha pembeni.

"Kwa somo umepata kidogo sana," akasema akiinuka. "Kwa tathmini nimekupa zote. Umepita kwa alama moja." Akafunga kifungo cha koti. "Usiniambie asante. Kamtafute mtoto."

Sikumpigia mama simu siku hiyo. Masomo yalipoisha saa nane nilishuka barabarani. Lilikuwa limepaki lori la mbao kutoka upande wa Mafinga, mbao zimefungwa minyororo, harufu ya msonobari ninayoijua mpaka kwenye ndoto. Mama wa mtoto alikuwa anageuza mahindi kwenye jiko. Aliponiona alifuta mikono upesi, akadhani nimekuja na mashtaka, akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, madam. Amefanya nini?"

"Anasoma, mama," nikasema. "Nimekuja kuuliza nani amemfundisha."

Akashangaa kidogo kwamba nauliza. "Hivi vibao tu. Kule Idodi kwa bibi yake kuna vibao vya barabara ya kwenda hifadhi ya wanyama, alikuwa anauliza kila mpita njia, hapa pameandikwaje, na hapa. Huku anauliza madereva. Anasoma malori yote haya, mpaka wananicheka." Akashusha sauti. "Madam, ule mkono wake... Bibi yake alimkataza sana, ikashindikana. Nikamwambia, basi, ila usiandike nao mbele ya mwalimu, atakuchapa. Kama ameandika nao leo, naomba umsamehe."

Nilimwomba niongee na mtoto.

Alikuwa nyuma ya lori, amechuchumaa, anafuata kwa kidole maandishi ya bodi. Nikachuchumaa naye. Nguo yangu ya kufundishia ilishika vumbi na sikujali. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, lakini lililotoka ni lile lililokuwa linanikaba tangu asubuhi.

"Mbona hukuniambia kama unajua kusoma?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo alishalijibu.

"Nilinyoosha, mwalimu," akasema. "Mkono wa penseli."

Nikasogeza sikio langu karibu na mdomo wake, nikamwomba anisomee lori lote, kuanzia juu.